Bawa la juu limeinama, chanzo kiko wapi? Utatuzi wa matatizo kwa wanaojitengenezea vipande vya modeli ya ndege

Mezani kwangu hapa Mbeya ipo modeli ya de Havilland DH.66 Hercules, skeli ya 1:48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), ambayo nimeifumua mara tatu na kuijenga upya. Ni ndege ya injini tatu yenye mabawa ya ghorofa: jozi moja juu, jozi moja chini, na katikati nguzo na waya tele. Niliichagua kwa sababu ilikuwa ikitua hapa hapa kwetu. Januari 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua safari ya London hadi Cape Town, njia ilishuka Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe. Kutoka Nairobi kwenda kusini, kazi ilikuwa ya Hercules.

Sijawahi kukuta dukani boksi lenye vipande vyake vilivyo tayari, kwa hiyo kila kitu nimekitengeneza mwenyewe: plastiki ya vikombe vya mtindi, mianzi, mabaki ya paina kutoka Mafinga, waya wa shaba uliotolewa kwenye mota zilizoungua. Ukijenga hivyo, kila kosa ni la mkono wako na kila kosa unaweza kulifuatilia hadi lilikozaliwa. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, maana limenigharimu miezi mingi kulielewa: kwenye ndege ya namna hii, hitilafu huonekana mahali pamoja na chanzo chake kikawa mahali pengine kabisa. Kila kipande kimeshikwa na kingine. Bawa la juu likiinama, mara nyingi bawa lenyewe ni zima.

Basi kabla hujashika wembe, andika unachokiona kwa kipimo. "Bawa limekaa vibaya" haisaidii. "Ncha ya kulia iko chini ya ya kushoto kwa milimita 5" inasaidia. Utahitaji rula ya chuma, skwea ndogo, na kipande cha kioo cha dirisha kama sentimita 40 kwa 60. Kioo ndicho sakafu yako. Meza nyingi za mbao zimepinda, na ukipimia kwenye meza iliyopinda utarekebisha modeli iliyokuwa sawa.

Vipande vinaingiliana vizuri, lakini magurudumu au injini zinaonekana kubwa mno

Hapa tatizo limeanzia steshenari. Mchoro ulipochapishwa, kompyuta iliubana kidogo ili uenee kwenye karatasi, na hakuna aliyekuambia. Dawa ni kuchora msalaba wenye mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kwenye mchoro kabla ya kuuchapisha, kisha kuupima ukitoka. Pima yote miwili, kwa sababu mashine nyingine za fotokopi huvuta karatasi upande mmoja tu.

Michoro ya ndege za Uingereza za zamani hutoa vipimo kwa futi. Kwa skeli ya 1:48 kila futi inakuwa milimita 6.35. Hercules ina upana wa mabawa wa futi 79 na inchi 6, kwa hiyo modeli itakuwa na milimita 505 kutoka ncha hadi ncha. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Bawa zima halienei, lakini nusu yake, milimita 252, inaenea. Chora nusu moja tu. Nusu ya pili ipate kwa kugeuza karatasi hiyo hiyo na kuibandika kwenye kioo cha dirisha mchana, ufuate mistari inayoonekana kwa nyuma. Ukichora kila upande peke yake utapata mabawa mawili yasiyo ndugu.

Na kama umegundua kosa ukiwa umeshamaliza kiwiliwili na mabawa? Mstari wa milimita 100 ukisoma 97 pande zote mbili, modeli yako ni ya skeli ya karibu 1:49.5. Iache. Tengeneza magurudumu, injini na pangaboi kwa kipimo hicho hicho, itapendeza. Ikiwa imebanwa upande mmoja tu, hapo sina dawa zaidi ya kurudia.

Bawa la juu limeinama upande mmoja

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nifumue ya kwangu mara ya kwanza.

Nilipoona ncha ya kulia imeshuka, nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nikaongeza urefu wa nguzo za nje za kulia. Bawa likanyooka kwa siku mbili, kisha likaanza kujikunja, kwa sababu nguzo ndefu zilikuwa zinalisukuma juu huku katikati kukilivuta chini. Nikaibeba kwenye boksi la viatu hadi Mwanjelwa, kwa mzee mmoja seremala ambaye huniuzia mabaki ya paina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kiti gani hiki?"

Nikamweleza. Akaiweka kwenye benchi lake, akainama hadi jicho lake likalingana na bawa la chini, akakaa kimya. Halafu akainyanyua na kuiweka juu ya randa yake ya chuma, aliyokuwa ameilaza chali kwenye benchi.

"Stuli ikichechemea, usikate mguu," akasema. "Tafuta kwanza sakafu. Ukishaiona sakafu ndipo utajua kama mguu una kosa."

Tukang'oa nguzo za nje zote, tukabakiza nguzo fupi za katikati zinazobeba bawa juu ya kiwiliwili. Bawa likabaki limeinama vile vile. Kwa kitendo hicho kimoja nguzo za nje zikawa zimetoka kwenye orodha ya washukiwa. Tukatoa bawa, tukapima urefu kutoka kwenye chuma hadi kila kitako kinachopokea nguzo. Upande wa kushoto ulikuwa juu kwa milimita 0.3. Hiyo ni unene wa karatasi tatu za kuandikia. Lakini vitako vile vimeachana kwa milimita 30 tu, na ncha ya bawa iko milimita 252 kutoka katikati. Kosa la 0.3 kwa kila milimita 30 linafika nchani likiwa milimita 2 na nusu, upande mmoja likishuka na mwingine likipanda. Jumla tano. Nilikuwa nimeunda ubavu wa kushoto wa kiwiliwili siku moja na wa kulia siku nyingine, kwa kalamu ya risasi iliyokuwa butu.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Ng'oa nguzo za nje, angalia. Kama bawa limenyooka, kosa liko kwenye nguzo za nje: zitoe zote, zipange ubavu kwa ubavu kwenye kioo, zifunge kwa tepu ya karatasi zikiwa fungu moja, kisha sugua ncha za fungu zima kwenye msasa namba 240 uliolazwa juu ya kioo. Nguzo zilizosuguliwa pamoja haziwezi kutofautiana. Usizikate moja moja hata kama una rula nzuri kiasi gani.

Kama bawa limeinama bado, toa bawa na pima vitako. Vikiwa sawa, nguzo za katikati ndizo zenye kosa, nazo zifanyie kama zile za nje. Vikiwa si sawa, usikate nguzo kufidia. Shusha kitako kilicho juu kwa msasa uliobandikwa kwenye kijiti bapa, au inua kilicho chini kwa kipande cha karatasi kilicholoweshwa supaglu. Karatasi ya namna hiyo ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki na unaweza kuisugua.

Bado kuna hali ya tatu: urefu wote ni sawa, lakini ukitazama kutoka juu bawa limezunguka kidogo, ncha moja mbele na nyingine nyuma. Hapa matundu ya nguzo yametobolewa yakiwa yamelala. Pima mshazari: kutoka mguu wa nguzo ya mbele kushoto hadi kichwa cha nguzo ya nyuma kushoto, kisha upande wa kulia vivyo hivyo. Namba zikilingana, pande zote zimesimama kwa pembe moja. Zisipolingana, upande wenye mshazari mrefu umeegemea nyuma zaidi ya mwenzake. Pima pia kutoka kila ncha ya bawa hadi katikati ya mkia. Kipimo hiki kimoja kimeniokoa kuliko vingine vyote.

Tangu hapo sigandishi bawa la juu kwa macho. Nakata fremu mbili za kadibodi ngumu, au paina nyembamba kama ninayo, zenye umbo la ndege ikitazamwa kwa mbele: pengo la bawa la chini, pengo la bawa la juu, na pembe ambayo mabawa yanainuka nayo. Fremu zinashika mabawa yote mawili mahali pake hata kabla ya nguzo kuwepo. Nguzo naziingiza baadaye, zikiwa zinajaza nafasi tu. Nguzo isiyosukuma wala kuvuta haileti matata.

Bawa lilikuwa bapa, wiki moja baadaye limejikunja

Tafuta maji, joto au msasa.

Ukibandika karatasi au kitambaa upande mmoja wa bawa kwa gundi nyeupe ya mbao, gundi ikikauka inavuta, na bawa linakunjamana kuelekea upande huo. Pande zote mbili zibandikwe siku moja. Ukisugua sana upande mmoja wa paina nyembamba, unaufungulia njia ya kupokea unyevu haraka kuliko mwingine; Rungwe, ambako mvua hukaa, utaliona hilo kabla ya jioni. Na kama umeunganisha tabaka mbili za plastiki kwa thina, mvuke wa thina uliobaki katikati utaendelea kutoka kwa siku nyingi huku ukilegeza plastiki. Mimi natoboa matundu madogo kwenye tabaka la ndani ili upate pa kutokea, na naacha bawa kati ya vioo viwili kwa wiki nzima.

Kulinyoosha bawa la plastiki, watu husema litie kwenye maji yanayochemka. Huku kwetu hiyo haifanyi kazi vizuri, na sababu ni mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Plastiki ya vikombe vya mtindi, polistirini, hulegea hasa ikikaribia 100. Utaichemsha, itakuwa na joto, utaipinda, na ikipoa itarudi ilivyokuwa. Nilidhani mikono yangu ndiyo yenye kosa hadi nilipoweka kipimajoto kwenye sufuria. Tumia draya ya saluni, ukilisogeza bawa taratibu, ukalishika kwenye kioo hadi lipoe kabisa. Au jenga sehemu za kupinda kwa plastiki ya bomba la maji, PVC, iliyopasuliwa na kunyooshwa: hiyo hulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na sufuria ya Mbeya, ya Njombe, hata ya Makete inaiweza.

Usiache modeli juu ya kabati chini ya bati. Mchana wa Oktoba joto la pale linaweza kulikunja bawa polepole.

Gundi inabanduka kama ganda

Geuza kikombe utazame pembetatu ya chini. Namba 6 ni polistirini, inaungana kwa thina na kwa supaglu. Namba 3 ni PVC. Namba 5 na namba 2 ni jamii ya madumu na vifuniko, na hizo hazishiki gundi ya kawaida hata ukiomba. Kama namba imekatwa, tia kipande kwenye maji yenye sabuni kidogo na kizamishe kwa kidole: 5 na 2 huelea, 6 na 3 huzama. Nimeshaona mtu amejenga kiwiliwili kizima kwa plastiki ya namba 5 kwa sababu ilikuwa nyeupe na laini, kikaachana chote siku ya kupaka rangi.

Kama plastiki ni sahihi na supaglu bado haikamati, fikiria majira. Supaglu hukazwa na unyevu. Julai, upepo mkavu na baridi ya Iringa, inaweza kukaa dakika nyingi ikiwa majimaji. Pumulia kiungo kabla ya kukibana. Masika mambo hugeuka: inakaza haraka na kuacha ukungu mweupe pembeni mwa kiungo. Ukungu huo ni mvuke wa gundi uliotua, na unakuja zaidi ukitumia gundi nyingi na ukiifunika modeli kwenye boksi mapema. Tone liwe dogo, lichukuliwe kwa ncha ya sindano, na upepo upite. Jambo moja la usalama: usifute supaglu kwa pamba. Pamba na supaglu hupandisha joto ghafla, na vidole vinaungua. Thina nayo itumike mlango ukiwa wazi na jiko la mkaa likiwa mbali.

Nguzo za mwanzi zimepinda, au kuna unga chini ya modeli

Kwa nguzo sijapata kitu kizuri kuliko mwanzi. Ni mwepesi, mgumu, na ukisuguliwa una sura ya mbao halisi zilizotumika enzi zile. Huku Iringa na Njombe mianzi imejaa, ya ulanzi na ya kusuka matenga ya nyanya, hivyo bei si kikwazo. Lakini mwanzi una tabia zake.

Ukuta wa mwanzi haulingani. Karibu na ganda la nje nyuzi zimebanana na ni ngumu. Kwa ndani ni laini kama sponji. Ukichonga nguzo ikiwa na sehemu zote mbili, upande wa ndani hunywea zaidi unapokauka na nguzo inapinda. Chukua theluthi ya nje tu. Ukitazama ncha ya kijiti kwenye mwanga utaona nuktanukta nyeusi. Zikiwa zimejazana kote, kijiti kinafaa. Zikiwa zimejazana upande mmoja na upande mwingine zimetawanyika, kitupe, au kitumie mahali pafupi.

Unga ni habari nyingine. Asubuhi moja nilikuta vichungu vidogo vya vumbi la rangi ya ngano chini ya mguu wa gurudumu la kushoto. Nikavipangusa. Kesho yake vipo tena, mahali pale pale. Ukiona hivyo usipanguse: chini ya lenzi utakuta tundu la duara kabisa, dogo kama ncha ya sindano, na ndani yake mdudu anayekula wanga wa mwanzi. Gundi haitamzuia, rangi haitamzuia. Nguzo hiyo itolewe leo, na zilizotoka kwenye mwanzi huo huo zitolewe pia hata kama bado hazina matundu.

Kinga yake wasuka matenga wanaijua: kata mwanzi uliokomaa, wakati wa kiangazi, na si wakati umejaa utomvu. Kisha mimi napasua vijiti, navichemsha saa nzima, maji yanageuka rangi ya chai na kuondoka na wanga, navikausha kivulini wiki tatu. Vijiti vya mishikaki vya dukani kwa kawaida havinisumbui kwa wadudu, ila nyuzi zake mara nyingi zimekatwa mshazari. Kila kijiti kipinde kidogo kabla ya kukitumia. Kikipasuka kwa mshazari, nguzo yako ingepasuka hivyo hivyo.

Waya kati ya mabawa zimelegea

Kama umetumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, angalia kalenda. Nailoni hunywa unyevu wa hewa na kurefuka. Waya ulizozikaza Agosti zitaning'inia Februari. Ukizikaza tena Februari, Agosti zitavuta mabawa. Huu ni mzunguko usio na mwisho, na kukaza zaidi si tiba.

Mimi nimeacha kabisa waya za kuvutwa. Natumia waya wa shaba wa mota, nakata kila kipande kwa urefu wake, naunyoosha kwa kuuviringisha kati ya vioo viwili hadi uwe kama sindano, kisha naupachika mahali pake kwa tone la gundi kila ncha. Haubebi mzigo wowote. Unene wake upime hivi: zungusha mizunguko 20 iliyobanana kwenye sindano, pima upana wa yote, gawa kwa 20. Mizunguko ikichukua milimita 3, waya ni 0.15, na kwa 1:48 sitaki uzidi hapo. Nywele za rasta za kusukia nazo ni nyembamba na nzuri, hasa kwa skeli ndogo ya 1:72, ila usizikaribishe moto.

Kama tatizo lako si kulegea bali bawa limepinda baada ya kufunga waya, ulianza upande mmoja ukaumaliza. Funga kwa jozi, moja kulia moja kushoto, kutoka kwenye kiwiliwili kwenda nje. Na hakikisha zimeelekea panapotakiwa: waya zinazobeba ndege angani hutoka chini kwenye kiwiliwili zikapanda kwenda nje hadi bawa la juu; zinazobeba mabawa ndege ikiwa ardhini hushuka kutoka juu katikati kwenda bawa la chini nje. Zile za kwanza mara nyingi ziliwekwa mbili mbili, kwa kuwa mzigo wake ni mkubwa zaidi.

Injini haionekani sawa na hujui kwa nini

Injini za Hercules ni Bristol Jupiter, silinda 9 zilizopangwa duara. Hesabu: nyuzi 360 kwa 9 ni 40 kila moja. Anayegawa kwa jicho huanza na msalaba wa silinda nne kisha akajaribu kuingiza nyingine, na hapo ndipo anapopotea. Kipimo cha haraka ni hiki: kwa kuwa 9 ni witiri, hakuna silinda inayotazamana na mwenzake ng'ambo. Ng'ambo ya kila silinda kuna pengo. Ukiona mbili zimetazamana kwa mstari ulionyooka, fumua. Chora duara kwa protrakta kwenye karatasi, ibandike nyuma ya kitovu, fuata mistari.

Kwa silinda zenyewe, Jupiter ina kipenyo cha ndani cha milimita 146. Kwa 1:48 inatoka milimita 3, ambayo ndiyo kijiti cha mshikaki. Zungusha waya mwembamba kukizunguka upate mapezi ya kupoozea. Mizunguko ikilala au kuachana, waya una mikunjo, unyooshe kwanza. Injini tatu ni silinda 27, na ukichoka kwenye ya kumi na tano, lala. Silinda zilizofanywa kwa uchovu huonekana.

Mbavu za bawa zimetokeza kama za ng'ombe mwenye njaa

Ili kuonyesha mbavu, yaani miti ya ndani inayobeba kitambaa cha bawa, umeweka uzi mnene chini ya karatasi. Kitambaa cha ndege kilikazwa kwa dawa hadi kikawa kama ngozi ya ngoma; mbavu zilionekana kwa mwanga wa pembeni tu. Uzi utoe, weka vipande vyembamba vya karatasi ya kawaida juu ya bawa, sugua kwa msasa 600 hadi kidole kiweze kuzihisi na jicho lizione kwa shida. Rangi itakayofuata itafunika nusu ya kilichobaki.

Rangi imeingia ukungu

Ikiwa ni rangi ya kupuliza ya thina na umepaka masika, ni unyevu. Thina ikiruka inapoza uso wa modeli, na maji ya hewani yanatua juu ya rangi mbichi. Usipake tabaka jingine zito juu yake. Subiri mchana mkavu, puliza thina tupu, nyepesi sana, kwa mbali. Mara nyingi ukungu unayeyuka. Mimi kuanzia Desemba hadi Aprili napaka kati ya saa tano na saa saba mchana, kabla mawingu hayajashuka kutoka Loleza, na kopo nalipasha kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yasiyozidi joto la kuogea. Mvua ikinguruma nikiwa katikati ya bawa, namaliza tabaka hilo tu, nafunga mlango, na bawa la pili linasubiri kesho.